Msitu Usio na Watu

Katika kitabu chake The Forest People, kilichotoka mwaka 1961, Colin Turnbull anaeleza jinsi alivyongoja kwa hamu kuiona molimo ya Wambuti wa Epulu, kule Ituri. Molimo ni tarumbeta ndefu, na ni jina la ibada yenyewe pia. Kifo kikubwa kikitokea, au mambo ya msituni yakiharibika, wanaume wanaimba usiku baada ya usiku, na ile tarumbeta inawajibu kutoka gizani, mara kama chui, mara kama tembo. Turnbull alitegemea kuletewa kitu cha kale, mti uliochongwa kwa ustadi wa mababu. Walipoileta, kumbe ni bomba la chuma! Bomba la kawaida la maji, ambalo mtu alikuwa amelichukua bila kuaga kwa wajenzi wa barabara. Mzungu alivunjika moyo. Wenyewe wakamshangaa: linatoa sauti nzuri, halafu halioziki kama mti, sasa shida iko wapi?

Ninalileta hili bomba mbele kwa sababu nataka kusema juu ya muziki ambao usingelipokea hata kidogo.

Vijana kadhaa wa kwetu hapa Kampala wanasikiliza Wardruna na Heilung. Si wengi, lakini wapo, na mmoja akishaanza anawavuta wenzake. Ni muziki wa ngoma nzito, pembe za mbuzi, vinubi vya kale, sauti za watu wengi zinazopanda polepole kama ukungu, na maneno ya lugha ambazo hata Mnorwe wa leo hazielewi zote. Wenyewe Ulaya wanaupanga karibu na kitu kinachoitwa neofolki, yaani muziki wa asili uliotengenezwa upya. Jina hilo lilianza kwa makundi ya Uingereza ya miaka ya 1980 kama Death in June na Current 93, gitaa na huzuni nyingi. Death in June walipenda kuvaa alama za zama za Hitler, na ubishi juu ya jambo hilo haujaisha mpaka leo, kwa hiyo mtu akikuambia anapenda neofolki si vibaya kumuuliza: ipi? Wardruna ni habari nyingine. Iliundwa Norwe mwaka 2003, kiongozi wake ni Einar Selvik, na albamu yao ya kwanza ilitoka 2009. Heilung walianza Denmaki mwaka 2014; jina lao kwa Kijerumani ni “uponyaji”.

Nilimuuliza kijana mmoja anapata nini humo. Alivua spika ya sikio moja tu, akasema: “Yaya, huu muziki unanipelekaka kwetu.” Kwao ni Butembo. Butembo na Norwe wapi na wapi? Lakini sikucheka, na wewe msomaji usicheke haraka, kwa sababu ukiusikiliza kwa utulivu unaelewa. Ni muziki wa mtu aliyepotelewa na mahali. Hautaji mji, hautaji mwaka, hautaji kabila linalokaa jirani yako. Yeyote mwenye huzuni ya kuondoka anaweza kuingia na kukaa humo bure.

Wimbo wanaourudia zaidi ni Helvegen, wa albamu ya Yggdrasil ya mwaka 2013. Maana ya jina ni njia ya kwenda kwa wafu. Kwa maoni yangu ndio wimbo bora wa Wardruna. Selvik anaimba bila kujionyesha, ngoma haiharakishi, na Lindy-Fay Hella anapoingia sauti yake haipambi, inafungua nafasi. Kiini cha wimbo ni swali: nani atamwimbia mtu anapoianza ile safari?

Hilo swali, ndugu zangu, sisi tunalijua. Mtu akifa Beni au Bunia wakati sisi tuko Nsambya, tunazika kwa simu. Picha inakatika, bando inaisha, tunaona kaburi kwa pembeni na mguu wa mtu aliyeshika simu. Halafu tunakaa matanga katika chumba cha kupanga, watu kumi na tano kwenye mikeka, na mwenye nyumba ameshatuma mtoto kusema tupunguze sauti. Nani anaimba? Kwa kawaida kwaya ya kanisa ikiwa imepata nauli. Isipopata, simu inawekwa ndani ya sufuria ili sauti ikue, na nyimbo za injili zinacheza mpaka asubuhi. Kwa hiyo kijana anayelala na Helvegen masikioni usiku wa msiba wa mjomba wake anatafuta kitu ambacho sisi wakubwa tumeshindwa kumpa. Mimi siwezi kumlaumu.

Lawama yangu iko kwa muziki wenyewe, na si ndogo.

Helvegen inauliza swali na haimtumi mtu yeyote kulijibu. Unasikia, unalia, wimbo unaisha, unaanza mwingine. Rudi sasa kwenye molimo. Kwa simulizi ya Turnbull, ibada ile ilikuwa na kapu: kila siku vijana walipita kambi nzima wakikusanya chakula na kuni, na kila nyumba ilitoa. Moto ulitunzwa na watu wenye jina. Mwanaume aliyekutwa amelala wakati wenzake wanaimba alikuwa amefanya kosa zito sana. Hapakuwa na wasikilizaji. Walikuwepo wanaodaiwa wimbo, basi. Kifo kilikuwa deni la kambi yote na lililipwa kwa koo, kwa kuni na kwa usingizi. Ndiyo maana bomba la chuma halikuwasumbua. Chombo kinahitaji umri kwa yule anayekiangalia. Anayekitumia anauliza kama kinafanya kazi.

Heilung wanafanya kinyume kabisa. Jukwaani wana pembe vichwani, moshi, mikuki, ngoma za ngozi, na wenyewe wanasema katika kurekodi wametumia hata mifupa ya binadamu, panga na ngao zilizofuliwa upya kwa mfano wa zile za kale. Sikatai kwamba inapendeza. Rekodi yao ya Lifa, onyesho la Uholanzi mwaka 2017, ina dakika ambazo nywele zinasimama. Lakini kila kitu pale kinapaswa kuthibitisha uzee wake. Ondoa mifupa, weka bomba la plastiki lenye sauti ileile, na onyesho limekufa. Basi ni maonyesho ya vitu, hata kama wanaita ibada. Selvik ni mwangalifu zaidi: hajadai kwamba anarudisha muziki wa kale kama ulivyokuwa, anasema anatengeneza kipya kwa mbegu za zamani, na ala zake anazijua kwa vidole, si kwa picha. Anatumia pia miti, mawe, maji na moto kama vyombo. Hapo namheshimu. Ila hata kwake msitu unabaki mahali pa mtu mmoja kwenda kujitafuta. Hakuna anayekata kuni humo. Hakuna anayefukuzwa.

Kuna jambo ambalo kwenye vikao vyetu tunalizunguka. Kwa nini kijana wa Kinande aende kwa Odin? Nadhani ni kwa sababu Odin hakemewi Jumapili. Katika makanisa yetu mengi ya uamsho hapa mjini, ukileta wimbo wa mababu, ngoma ya matambiko au hata jina la mzimu wa ukoo, mama zetu wanaanza kuomba kwa sauti. Ni pepo. Ni mlango. Lakini mchungaji hajui Wardruna ni nini. Akisikia kidogo anadhani ni filamu. Mungu wa mbali hana kesi na mtu. Hakudai mbuzi, hakudai umtembelee shangazi, hakuulizi kwa nini hukumzika baba yako. Ndiyo raha yake na ndiyo kasoro yake. Kijana anapata hisia ya mila bila mjomba hata mmoja wa kumjibu.

Wengine wataniambia: basi tupe mbadala, acha maneno. Mbadala si neno zuri, lakini Kampala yenyewe inafundisha kitu, na hatuhitaji kwenda mbali.

Tuanze na ikulu. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia Lubiri pale Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbia, akafia London mwaka 1969. Naam, hata mfalme wa mji huu alikufa mkimbizi. Tunapopita kando ya ule ukuta kwa bodaboda ni vizuri kukumbuka. Wanamuziki wa ikulu walitawanyika. Entenga ilinyamaza. Hiyo ni seti ya ngoma 15 zinazopigwa na watu sita: ngoma 12 zimepangwa sauti kama vinanda na zinashikwa na watu wanne, tatu nyingine zina watu wawili. Hugh Tracey alikuwa ameirekodi mwaka 1950 na 1952, na ukisikia zile rekodi unapata wasiwasi wa ajabu, kwa sababu huwezi kusema nani anapiga wimbo. Kila mtu anapiga kipande, na wimbo unatokea katikati yao, pasipo na mkono wa mtu. Falme zilirudishwa 1993, lakini ngoma hazikurudi kwa amri ya serikali. Ilibidi James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo aende kutafuta mzee aliyebaki anayeijua, na vijana wakae chini wafundishwe.

Huyohuyo Isabirye amefanya kazi ya bigwala ya Wasoga, na mfano huu naupenda kuliko yote. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, kubwa na ndogo. Kila tarumbeta ina sauti moja tu. Moja! Peke yako huwezi kupiga kitu, unaweza tu kupuliza pale nafasi yako inapofika na kunyamaza nyakati nyingine zote. UNESCO iliuingiza muziki huu mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Walipoanza kuurudisha waligundua tatizo ambalo hakuna mwandishi wa neofolki angeliota: vile vibuyu vyenyewe havikuwa vikilimwa tena. Ikabidi kutafuta mbegu, kulima, kungoja mvua, kuvuna, kukausha, kukata, kuunga, na baada ya hapo ndipo mtu apulize. Muziki wa maumbile unaanzia hapo, kwenye jembe. Na jirani yako mwenye shamba anaingia katika wimbo hata kama hajui kuimba.

Sasa kitu cha kisasa, nisije nikaonekana mzee wa makumbusho. Nihiloxica ni kundi la hapa Kampala, lililozaliwa 2017 kati ya wapiga ngoma wa Nilotika Cultural Ensemble na Waingereza wawili wa muziki wa umeme. Wanapiga ngoma za Buganda, engalabi ile ndefu, namunjoloba, empuunyi, na ensaasi za kutikisa, juu ya muziki wa mashine mzito na mweusi. Mtu wa Wardruna anaweza kuingia bila kubisha hodi, giza ni lilelile. Albamu yao ya mwaka 2020 inaitwa Kaloli. Kama umekaa Kampala wiki moja unamjua kaloli: yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anayesimama juu ya takataka kama afisa wa manispaa. Soma majina ya nyimbo zake: Black Kaveera, ule mfuko mweusi wa plastiki, Tewali Sukali, hakuna sukari, Salongo, cheo cha baba wa mapacha, ambacho katika Buganda kina mila zake zinazoendelea mpaka leo. Hayo ndiyo maumbile ya mji huu, ndege wa jalala, plastiki inayoziba mtaro, duka lisilo na sukari, na mtu ambaye cheo chake cha kimila kimetoka kitandani hospitalini wiki iliyopita.

Sisemi albamu nzima ni nzuri. Kuna sehemu mashine zinameza engalabi, na unabaki na kelele ambayo ingeweza kutoka mji wowote. Lakini wanajua wamesimama wapi. Na mwaka 2023 walitoa Source of Denial, albamu iliyokasirikia mfumo wa visa na uhamiaji wa Uingereza. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa zaidi. Fomu, foleni, barua ya kukataliwa yenye sentensi ileile waliyomwandikia mwenzako. Nilifurahi kuona kwamba ngoma za baakisimba, ambazo kwa masimulizi ya Waganda jina lake linatokana na sifa kwa waliopanda migomba, zinaweza kubeba hasira ya dirisha la ubalozi bila kubadilisha nguo.

Narudi Ituri, kwa sababu nina neno na wapenda msitu wote, Wazungu na sisi.

Msitu ule wa molimo una watu na una historia ya karibu. Kati ya Oktoba 2002 na Januari 2003 waasi waliendesha kule operesheni waliyoiita kwa Kifaransa Effacer le tableau, yaani futa ubao, na Wambuti walikuwa miongoni mwa waliofutwa. Juni 2012 wanamgambo waliingia Epulu kwenyewe, pale pale pa Turnbull, wakaua watu na kumaliza okapi 14 waliotunzwa kituoni. Miezi miwili baadaye, Agosti 2012, chombo cha Marekani kinachoitwa Voyager 1 kilitoka kwenye eneo la jua letu. Kimebeba sahani ya dhahabu ya mwaka 1977 yenye muziki wa dunia, na kati ya nyimbo hizo uko wimbo wa wasichana wa Ituri wa kuingia utu uzima, aliourekodi Turnbull. Sekunde 56. Wimbo umefika mahali ambapo hakuna binadamu atafika, na nyumbani kwake watu wanalala porini kwa kukimbia risasi. Sijui kama kuna kitu kinaonyesha vizuri zaidi jinsi dunia inavyopenda sauti ya msitu na kuwasahau wenye koo.

Nasi wa kijijini tusijifiche nyuma ya Wazungu. Mimi ni mtu wa upande wa Mambasa, wa barabarani, wa shamba. Wazee wetu walikuwa wakisema “Mmbuti wangu” kama mtu anavyosema “jembe langu”. Tulikula nyama yao, tukawalipa ndizi na dharau. Leo hapa Kampala, kwenye siku za utamaduni, naona watoto wetu wanavalishwa majani na kucheza “ngoma ya msitu” mbele ya wafadhili, na hakuna Mmbuti hata mmoja ukumbini. Hiyo nayo ni neofolki, tena mbaya kuliko ya Norwe. Selvik angalau anachezea mababu zake mwenyewe. Turnbull pia ana lawama yake. Aliupenda msitu mpaka akauandika kama bustani ya Mungu, na sisi wanakijiji tukawa giza la kitabu. Wasomi waliomfuata wamemkosoa sana kwa hilo. Lakini lile bomba hakulificha. Aliliandika pamoja na kuvunjika moyo kwake, na hapo akatuachia ukweli mkubwa kuliko sifa zake zote za miti.

Kwa hiyo kipimo changu cha muziki wa namna hii si umri wa ala wala giza la sauti. Nauliza: ukisikika, nani analazimika kuamka? Kwenye bigwala, mwenye kibuyu cha tatu, kwani asipokuja wimbo una shimo. Kwenye molimo, kambi nzima. Kwenye matanga yetu ya Nsambya niliwahi kumwona mama mmoja akizima simu iliyokuwa kwenye sufuria, akageuza dumu la njano la maji, akaanza kupiga kwa viganja, na wanawake wa pembeni wakaitikia kabla hajawaomba, na mmoja aliyekuwa amesinzia akapigwa kiwiko. Sauti ya lile dumu ilikuwa mbaya. Mwenye nyumba alituma mtoto tena.

Yule kijana wa Butembo nilimpa Kaloli asikilize wiki nzima. Alirudisha akasema ina makelele, ni kama kukaa stendi ya Old Taxi Park saa kumi na moja jioni, na yeye akitaka hivyo atakwenda stendi. Amerudia Helvegen. Sawa. Nikamwomba kitu kimoja, aufanye ule wimbo kwa Kinande, si kuimba, maneno tu, tuone swali linakaaje katika kinywa chetu. Amefika nusu. Amekwama kwenye ile njia ya wafu, hana hakika kama Kinande kina neno moja au kuna namna ya kuzunguka, na wenzake wa hapa kila mmoja anasema lake. Inabidi ampigie koko yake simu, na hawajaongea tangu msiba.